Bonde la Koko

Kama jana umelala kwenye godoro la sponji, ujue umelala juu ya kitu kisicho na kumbukumbu. Ukiinuka, nayo inainuka, kana kwamba hamjawahi kuonana. Sponji ndiyo iliyonistaafisha mimi. Sikuzeeka, wala nisisingiziwe. Ilikuja kwa lori imefungwa nailoni, watu wakaniambia Bi Rukia ahsante sana, nenda kapumzike. Basi nimepumzika. Kiuno ndicho kilichokubali, mdomo umegoma, na ndiyo maana vijana nimewaiteni.

Nilikuwa fundi wa magodoro ya sufi, ile pamba nyepesi inayotoka kwenye mti wa msufi. Kazi niliianzia Marodoka, kule kisiwani Nosy Be, mwishoni mwa miaka ya sabini, nikaja kuimalizia mjini Mahajanga. Kiswahili hiki ninachozungumza nilikipata chuo cha Kurani na kwa shangazi yangu. Siku hizi hata Marodoka kwenyewe utakisikia kwa wazee wawili watatu, na kwenye maneno ya dini na ya bahari. Mitaani ni Kimalagasi, na kwenye nyumba zetu zenye asili ya Komoro ni Kikomoro. Lakini Wamalagasi godoro huliita kidoro, kwa hiyo katika kazi yangu tulielewana tangu siku ya kwanza.

Shangazi Salama ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sindano ndefu kama mkono wake, na kila alipokuwa akikufundisha jambo alikuchoma nayo kidogo ili likae. Nilichomwa sana kwa sababu ya upepo. Sufi haipigwi siku ya upepo. Unaitoa godoroni, unaianika juani, unaipiga kwa fimbo mbili mpaka inaumuka, na ikiumuka hiyo haina tena uzito wala adabu. Mimi mwezi wangu wa kwanza niliipiga uani siku ya upepo, na jirani palikuwa na harusi. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi alikuja na suti nyeusi akaondoka na suti nyeupe. Mchuzi ulipata ndevu. Shehe akamuuliza bwana harusi kama amekubali, naye badala ya kujibu akapiga chafya, akapiga ya pili, na ya tatu, mpaka wazee wa upande wa bibi harusi wakaanza kuvaa viatu. Alipokubali hatimaye, alikubali machozi yakimtoka, na mkewe mpaka leo anaamini yalikuwa ya mapenzi.

Somo lililokuwa kubwa kuliko la upepo ni hili: usilipasue godoro kabla hujalisoma. Shangazi alikuwa akiingia chumbani, anaondoa shuka, anasimama mikono kiunoni, anatazama. Godoro la sufi linashika umbo la mtu. Pale mtu anapolala miaka, sufi inalala naye, na panabaki bonde. Mume na mke wakiwa na tuta katikati na bonde kila upande, shangazi alisalimia kwa sauti ya chini na hakuuliza habari za nyumbani. Wakiwa na bonde moja katikati, alitabasamu akaongeza sufi bila kuombwa. Aliweza kukuambia nani anakula biskuti kitandani na nani ameacha kukojoa lakini bado hajasifiwa. Mimi niliyaona hayo ni mambo ya kizee. Nilikuwa na mkasi mkali na haraka nyingi.

Sasa niwapeleke Mahajanga, mtaa wa Ampisikina, miaka ya themanini. Nilikwisha kuwa fundi mwenye jina. Mama mmoja wa Kikomoro akaniita nimtengenezee godoro la binti yake Echati, msichana wa miaka kumi na tano. Mumewe alikuwa akitengeneza pusipusi, yale magari ya abiria yanayovutwa na mtu, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba. Pale karakanani bwana huyu alikuwa na maneno mengi, akiwatania wavuta pusipusi mchana kutwa. Akishavuka kizingiti cha nyumba yake, mdomo unafungwa kama duka siku ya Ijumaa.

Mama Echati alinieleza tatizo kwa kunong'ona. Binti halali usiku, analala mchana. Shule haendi, chakula anakigusa tu. Nywele zake, alizokuwa akizisuka kila Alhamisi, zimekaa kama zilivyoamka. Haugui homa, hana kidonda. Akiulizwa ana nini, anasema hana kitu, anageukia ukuta. Mama alikuwa amefikiri sana, akafikia uamuzi kwamba kosa ni la godoro. Limezeeka, limemlegeza mtoto mwili.

Msicheke. Wakati ule majina tuliyokuwa nayo ni uvivu, kiburi, jini na umri. Huzuni inayomlaza mtoto mchana kutwa hatukuwa na jina lake, au tulikuwa nalo tukaona aibu kulitaja, kwa sababu mtoto akihuzunika nyumbani kwako watu watauliza kuna nini nyumbani kwako. Leo wajukuu zangu wananiambia inaitwa sonona, na hospitali ina watu wake. Kwa hiyo ukimwona mwenzako hivyo, mpeleke huko. Usimwitie fundi wa magodoro, maana utaona alichokifanya fundi.

Nilimtoa Echati kitandani, akatoka bila ubishi akakaa mlangoni na kanga yake kichwani. Nikaondoa shuka. Godoro lilikuwa na mabonde mawili. Dogo lilikuwa upande wa nje, na kubwa lilikuwa ukutani, la kina kirefu, la mtu mzima mwenye mwili wake. Hata mimi na haraka zangu niliona. Nikamuuliza mama, hapa wanalala wangapi? Akasema Echati analala peke yake, akaanza kukung'uta mto ambao haukuwa na vumbi.

Shangazi Salama angekaa chini papo hapo akaomba chai. Mimi nikachukua mkasi nikapasua. Nikaanika, nikapiga, nikajaza, nikashona vifundo kwa uzi wangu mwekundu, na jioni godoro likawa tambarare kama meza ya karamu. Mama alilisifu, majirani wakaja kulibonyeza kwa vidole. Echati alilitazama akasema ahsante. Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa.

Baada ya wiki mama akanifuata. Binti amezidi. Sasa kitandani hapandi kabisa, analala chini kwenye mkeka, ameuangalia ukuta uleule. Baba naye alikuwa ametoa rai yake, ya kwanza tangu mwezi ule uanze: godoro limekuwa laini mno, mtoto akipewa raha hataamka. Akaagiza nitoe sufi nitie makumbi ya nazi. Nikatia makumbi ya nazi. Nililijaza godoro lile mpaka likawa gumu kiasi kwamba paka wao aliruka juu yake, akashuka, akahamia kwa jirani. Echati akaendelea kulala kwenye mkeka, na sasa hata ahsante hakuisema.

Siku chache baadaye nikaitwa kwa mara ya tatu, na safari hii nyumba ilikuwa imejaa. Bi Hadija, dada wa mama Echati, alikuwa amefika na ubani. Yeye ni mtu wa kuona mambo. Alisema godoro linanuka, na kwamba kunuka huko si kwa kawaida, kuna mtu kashonea kitu ndani. Kweli lilikuwa linanuka. Wakalitoa uani, watu wakasimama mbali kidogo, nikapewa mimi kazi ya kupasua kwa kuwa ndiye mwenye mkasi. Echati alikaa kizingitini, magoti kifuani, akitazama kama mtu anayetazama mvua.

Nikatia mkono kwenye makumbi, nikagusa kifurushi. Nikakitoa. Kilikuwa kitambaa kidogo kimefungwa kwa uzi mwekundu, mafundo matatu. Bi Hadija akaanza kusoma dua kwa sauti, mama akakaa chini, jirani mmoja akarudi ndani kwake akafunga dirisha. Bi Hadija akasema uzi mwekundu ni wa mtu wa karibu, tena mwenye husuda, na yeye alikuwa akimfikiria mtu fulani tangu zamani.

Mimi nilikuwa nimekitambua. Kilikuwa chakula changu cha mchana. Samaki wa kukaanga na kipande cha muhogo, nilichokifunga mwenyewe kwa uzi wa kazi, nikakitafuta siku ile ya makumbi mpaka nikamshuku yule paka. Nilikuwa nimemshonea samaki binti wa watu.

Vijana, kuna dakika katika kila kazi ambapo unaweza kuokoa jina lako au kuokoa kitu kingine. Ningenyamaza, mchawi angepatikana kabla ya adhuhuri, na maskini huyo mtu fulani wa Bi Hadija angeumia. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, kwamba kile ni chakula changu. Hawakuniamini. Bi Hadija akataka kithibitishwe. Nikafungua mafundo, na samaki akajithibitisha mwenyewe, uwanja mzima ukaziba pua.

Ndipo nikasikia kicheko. Kilianza kama kikohozi, kikakwama, kikatoka. Echati alikuwa ameficha uso kwenye magoti, mabega yanamtikisika. Mama yake alimtazama kama mtu aliyeona taa ikiwaka katika nyumba aliyodhani haina mtu. Halafu kicheko kikageuka kilio, cha kwikwi, na katikati ya kwikwi akanielekea mimi.

“Ulilitoa bonde la Koko,” akasema.

Koko ni bibi, kwa Kikomoro. Bi Hadija akauzima ubani wake mwenyewe. Nikamuuliza mama Echati, Koko yupi? Akanivuta jikoni, na huko, juu ya sufuria ya wali, akanieleza kile ambacho godoro lilikwisha kunieleza mara ya kwanza.

Echati alilala na bibi yake mzaa baba tangu alipoachishwa ziwa. Koko alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na mkoromaji wa kupigiwa mfano. Mwaka mmoja na kitu kabla ya hapo, kwenye karamu ya tohara, baba Echati alikuwa amewachekesha wageni. Aliwaambia kwamba mama yake akikoroma, wavuta pusipusi huacha njia wakidhani lori linakuja nyuma. Watu wakacheka mpaka wakamwaga chai. Koko akaweka sahani chini. Kesho yake akafunga mzigo wake, akapanda meli ya Nosy Be, akaenda kukaa Marodoka kwa binti yake mdogo, na akasema hatatia mguu nyumba ya mtoto anayemfanya lori. Baba aliona haya, na haya zake hutoka kwa umbo la kununa. Tangu siku hiyo jina la Koko halikutajwa ndani ya nyumba. Kiti chake kikapelekwa karakanani. Hakuna aliyemuuliza Echati lolote, kwa kuwa walidhani ugomvi ule ni wa watu wazima, na watoto husahau.

Niliposikia Marodoka nikashika kichwa. Shangazi Salama alikuwa ameniletea salamu muda mrefu kwamba nyumba ya pili yake amehamia mama mmoja kutoka Mahajanga, mwema sana, anafuga kuku, ila tangu aje mtaa haupati usingizi. Nilikuwa nikicheka habari zile huku nimeshika mkasi unaopasua bonde lake.

Nilitoka jikoni nikamwomba radhi Echati mbele ya wote, na nilimaanisha. Nilimwambia sufi nitairudisha, na upande wa ukutani nitaiweka kidogo. Lakini nilimwambia ukweli pia: bonde halishonwi, bonde hulaliwa. Alifikiri, akafuta makamasi kwa kanga. Akauliza je, akipatikana mtu mwenye mwili kama wa Koko?

Tukatazamana. Mama Echati ni mwembamba kama ufagio. Bi Hadija alisema mgongo wake una matatizo. Na wakati huohuo baba Echati akaingia uani kula chakula cha mchana, mikono ina grisi mpaka viwikoni, tumbo limetangulia, mwili wa mama yake kabisa.

Nilimfanyia kazi yangu ya haraka kuliko zote nilizowahi kufanya. Alipomaliza kula, godoro lilikuwa limerudishiwa sufi, limelazwa uani juu ya mikeka, jua linalipiga. Kumshawishi yule bwana alale ndiko kulikokuwa kazi. Alisema yeye ni mtu mzima, majirani wanaona. Kweli walikuwa wanaona, yule wa dirisha alikuwa amelifungua tena na kuleta kiti. Mkewe akamwambia, kwa utulivu ambao sijausahau, kwamba binti yake amecheka leo, na kama kulala ndiko kunakotakiwa basi atalala. Akalala, amekakamaa kama mbao.

Echati akaja akakaa ukingoni.

“Baba, sogea ukutani,” akasema.

Hapakuwa na ukuta, tulikuwa uani, lakini alisogea. Akamwambia ageukie upande wa kulia, Koko hulala kwa kulia. Akageuka. Akamwambia akunje goti. Akakunja. Mama aliniambia baadaye kwamba hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote waliyowahi kusemezana tangu ile karamu. Kisha bila kumtazama, ameelekea ule ukuta usiokuwepo, baba akauliza kwa sauti ndogo, kama anamuuliza mtu mwingine, “Unamkumbuka sana?”

Echati akajibu, “Kila siku, baba. Na hamniruhusu kumtaja.”

Yule bwana alinyoosha mkono wake wa grisi nyuma, akamshika binti yake mguu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Nililia mimi, mgeni, sembuse mama mtu aliyekuwa amesimama na mwiko.

Dakika kumi baadaye akakoroma.

Sijui nielezeje. Kuku walitawanyika. Mvuta pusipusi mmoja barabarani, naapa, alitazama nyuma. Ulikuwa mkoromo uleule wa Koko, wa kupanda kwa hatua mbili na kushuka kwa filimbi, Echati aliutambua tangu ule wa kwanza, akafumbua macho makubwa. Kisha akajilaza katika upande wake mdogo wa nje, juani, mbele ya mtaa mzima, akalala mdomo wazi. Hatukumwamsha mpaka alasiri. Tulishika miavuli tu, tukipokezana, kuwakinga jua.

Msidhani alipona siku ile. Hakupona. Kulikuwa na wiki nzuri na wiki za mkeka. Muuguzi mmoja jirani alikuwa akija kuzungumza naye kila baada ya siku kadhaa, na shule aliirudia muhula uliofuata, tena kwa kuanza na nusu siku. Lakini jina la Koko lilitajwa mezani kila mlo, na kiti kikarudi kutoka karakanani kikiwa kimejaa grisi.

Baba alipanda meli kwenda Nosy Be mwezi uliofuata, nami nilikuwamo, naenda kumsalimia shangazi. Alitapika njia nzima. Marodoka tulimkuta Koko uani analisha kuku, naye alimtazama mwanawe, akaendelea kulisha. Bwana yule aliyekuwa na maneno kwa kila mvuta pusipusi wa Mahajanga alisimama pale akigeuza kofia mkononi. Hatimaye akasema, “Mama, mimi nakoroma.”

“Nani kasema?”

“Echati.”

Koko akamwaga mtama wote kwa mpigo mmoja. Alisema mjukuu wake hasemi uongo, lakini jambo kama hilo mtu hulisikia kwa masikio yake. Akaingia ndani kufunga mzigo. Shangazi Salama alimsaidia kufunga, na nina hakika hajawahi kufunga mzigo wa mtu kwa haraka na furaha vile. Usiku ule hatimaye Marodoka ingelala.

Ampisikina Koko alipokelewa kwa wali wa nazi, na baada ya chakula akaamuru mwanawe alale pale pale kwenye mkeka. Akavuta kile kiti cha grisi, akakaa kando ya kichwa chake, akasikiliza mkoromo wote tangu mwanzo, akitikisa kichwa kila filimbi ilipolia. Aliporidhika aliinuka, Echati akamshika mkono wakaingia chumbani, nikawafuata kwa kuwa kazi ni yangu. Koko akalala upande wa ukutani, akageukia kulia, akakunja goti. Alijigeuza mara mbili tatu, akaniambia bonde halijafika vizuri kiunoni. Nikamjibu hilo ni la mwanawe, la kwake itabidi alimalizie mwenyewe.

Alilimalizia kwa miaka tisa.